Nyumba Njema si Mlango: Tabaka Lililo Chini ya Mbao Zenye Joto



Wazee wetu wa Pwani walisema kuwa nyumba njema si mlango. Mlango wa nakshi humvutia kila apitaye njiani, lakini wema wa nyumba humjulikania aliyelala ndani yake. Wiki hii tunaichukua methali hiyo na kuivusha bahari hadi Uingereza, walikohamia wana, mabinti na wajukuu wa familia nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi. Tunaishusha pia chini ya mlango, chini hata ya zulia, mpaka kwenye tabaka ambalo likishafunikwa halitaonekana tena, ila madhara yake yatahisika kila siku ya baridi.

Huenda msomaji aliye Kisauni, anayelala na feni usiku kucha, akauliza: habari za kupasha sakafu moto zatuhusu nini? Zatuhusu kwa kuwa ndugu zetu walioko huko wanaponunua nyumba kuukuu na kuitengeneza, mashauri huvuka bahari kwa simu, na mara nyingi akiba ya watu wa huku huchangia. Zatuhusu pia kwa kuwa wazazi wetu huenda kuwatembelea, wakarudi wakilalamikia magoti. Na zatuhusu zaidi akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na sakafu hiyo: wanawalea watoto juu yake, wanaswali juu yake, na wanaipiga deki. Ni haki yao kuuliza kitakachowekwa chini yake kabla ya fundi kupiga msumari wa kwanza.

Sakafu ya huku na sakafu ya kule

Neno sakafu tumelipata kwa Kiarabu, ambako maana yake ni dari au paa. Maana hizo mbili hazipingani, kwani dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, sakafu ya ghorofa ilijengwa kwa boriti za mikoko, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Sakafu ya namna hiyo ni nzito na hubaki baridi mchana kutwa, na kwetu ubaridi huo ni neema.

Nyumba za safu za Uingereza, zile zilizojengwa zama za Malkia Victoria na miaka iliyofuata, nazo zina boriti, lakini juu yake huwekwa mbao tupu. Sakafu ya ghorofa ya chini mara nyingi huning'inia juu ya uwazi, na uwazi huo hupitisha upepo kwa matofali yenye matundu yaliyojengwa ukutani. Upepo huo unahitajika ili boriti zisioze kwa unyevu. Hata hivyo ndio huo huo unaopenya katika nyufa za mbao na kumfikia aliyeketi juu ya mswala. Wenye nyumba wengi basi hutafuta mafundi wa kupitisha mabomba ya maji moto chini ya mbao, na hapo ndipo swali letu linapoanza: baina ya mabomba hayo na mbao za juu, kuwekwe nini? Hicho ndicho tutakachokiita tabaka la kati.

Mwiko na kijiko cha chuma

Kupasha sakafu moto si jambo geni. Warumi walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za mabafu yao, na Waislamu wa kwanza waliurithi ufundi huo. Katika Qusayr Amra, jumba la Banu Umayya lililojengwa katika jangwa la Jordan karne ya 8, mna hamamu ambayo sakafu yake ilipashwa kwa njia hiyo. Wakorea nao, kwa karne nyingi, wamepitisha moshi na moto wa jikoni chini ya vyumba vyao vya kulala. Lakini tazama: sakafu zote hizo zilikuwa za mawe au udongo. Jiwe hupokea joto, huliweka na kulitoa polepole.

Mbao zina tabia nyingine, na kila mpishi anaijua. Mwiko ukiachwa ndani ya sufuria ya wali hauunguzi mkono, ilhali kijiko cha chuma huunguza. Mbao huzuia joto. Kuweka mabomba ya moto chini ya mbao ni kuliomba joto lipite katika kitu ambacho kazi yake ni kulizuia. Linaweza kupita, lakini kwa sharti kwamba vizuizi visirundikwe kimoja juu ya kingine.

Ili kuvipima vizuizi hivyo, tutumie kipimo ambacho akina mama wa Uingereza wanakijua kutoka madukani. Duveti huko huuzwa kwa kipimo kiitwacho tog: ya kiangazi huwa kama 4.5, na ya baridi kali huwa kama 13.5. Kadiri tog inavyozidi ndivyo joto linavyozuiwa. Kipimo hicho hicho hutumika kwa mazulia, na kanuni ya wauzaji wa mazulia wa huko ni kwamba juu ya sakafu yenye joto, zulia pamoja na sponji lake yasizidi tog 2.5.

Sasa tukipime kilicho chini ya zulia. Ubao wa chipubodi wa unene wa milimita 22, ambao mafundi wengi huupigilia juu ya boriti bila kufikiri mara mbili, una takriban tog 1.7. Plaiwudi ya milimita 18 ina takriban 1.4. Mbao za mwaloni za milimita 15 za kumalizia juu zina kama 0.9. Kwa upande mwingine, ubao wa jasi iliyochanganywa na nyuzi, wenye unene wa milimita 20, una takriban 0.6 tu, na skridi ya saruji ya milimita 50 ina kama 0.4.

Basi familia iliyoweka chipubodi ya milimita 22 na mwaloni wa milimita 15 tayari imefika tog 2.6, kabla ya zulia hata moja kutandikwa. Familia iliyoweka jasi chini ya mwaloni ule ule iko kwenye 1.5. Ukisimama juu ya sakafu hizo mbili huwezi kuzitofautisha kwa macho. Bili ya mwezi wa Januari ndiyo itakayozitofautisha.

Kwa nini moto usiongezwe tu

Atatokea wa kusema: kama joto halipiti, tuyachemshe maji zaidi. Ushauri huo una vizingiti vitatu. Cha kwanza ni mbao zenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba uso wa sakafu ya mbao usizidi nyuzi 27 za selsiasi, kwani ukizidi mbao hukauka, husinyaa na kupasuka. Cha pili ni sheria. Tangu Juni 2022, kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo mpya wa kupasha nyumba kwa maji usanifiwe ili maji yake yasipite nyuzi 55. Cha tatu ni gharama. Pampu ya joto, ambayo sasa inachukua nafasi ya boila za gesi katika nyumba nyingi, hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na nyuzi 35 hadi 45, na kila yanapopandishwa hula umeme zaidi. Dini yetu imetukataza israfu, na joto linaloteketea chini ya ubao mnene, lisimfikie mtu, ni israfu isiyoonekana.

Tena ni vyema kujua tangu mwanzo kiasi ambacho sakafu inaweza kutoa. Kwa kila nyuzi moja ambayo uso wa sakafu unakipita chumba kwa joto, sakafu hutoa kama wati 10 au 11 kwa kila mita mraba. Sakafu ya nyuzi 27 katika chumba cha nyuzi 21 itatoa basi kama wati 60 kwa mita mraba. Chumba cha mita mraba 15 kitapata kama wati 900, chini ya hita ndogo ya stima. Ikiwa madirisha yanavuja na kuta hazijazibwa, hata tabaka la kati lililo bora halitatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko usipoziba ufa utapasha moto barabara nzima.

Njia nne na masharti yake

Njia ya kwanza ni kupitisha mabomba baina ya boriti, yakikaa juu ya bamba za alumini zinazotandaza joto, kisha kupigilia ubao juu yake. Ni nyepesi na haiinui sakafu. Sharti lake ni kwamba bamba ziuguse ubao wa juu. Pakiwa na nafasi ya hewa baina yao, hewa hiyo huwa kizuizi kingine. Hapa ubao usizidi unene unaohitajika: chipubodi ya milimita 18 hutosha boriti zikiachana kwa milimita 450 au chini yake, na ile ya 22 ni ya boriti zinazoachana hadi 600. Pima kwanza, usinunue kwa mazoea.

Njia ya pili ni kujaza nafasi baina ya boriti kwa mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, ukiyafunika mabomba. Mchanganyiko huo hushika joto na kulitoa kwa upole, kwa tabia iliyo karibu na ya sakafu zetu za chokaa. Lakini una uzito: unene wa milimita 25 huongeza takriban kilo 50 kwa kila mita mraba. Boriti za miaka 100 na ushei hazitwishwi mzigo huo kabla ya mhandisi kuzikagua.

Njia ya tatu ni kulaza juu ya sakafu iliyopo mbao za jasi zenye mifereji, mabomba yakakaa ndani ya mifereji hiyo, kisha mbao za kumalizia zikaja juu. Joto hupita vizuri na boriti haziguswi. Tatizo lake ni kwamba sakafu huinuka kwa sentimita mbili au zaidi. Milango itakatwa, na kidato cha kwanza cha ngazi hakitalingana na vingine. Mzee anayeshuka usiku kwenda kutawadha aweza kujikwaa kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Njia ya nne ni kuliondoa tabaka la kati kabisa. Mbao nene za kumalizia, zenye nguvu za kubeba watu, hupigiliwa moja kwa moja juu ya boriti, na mabomba na bamba zake zikawa chini yake. Vizuizi hupungua kuwa kimoja. Ila mbao hizo ziwe zimekaushwa sawasawa, na fundi awe anajua hasa mabomba yamepita wapi, kwani msumari mmoja uliokosea njia utailowesha nyumba.

Katika njia zote nne, chini ya mabomba sharti pawekwe kizuia joto kinene. Joto halichagui kupanda. Lisipozuiwa chini litakwenda kuupasha uwazi na udongo. Na katika kuziba huko, matofali yenye matundu yasizibwe kamwe, kwani aliyeziba upepo ili apate joto ameziozesha boriti zake. Fundi asikate pia mifereji ya mabomba katika boriti apendavyo. Kanuni ya Uingereza ni kwamba mkato wa juu ya boriti usizidi moja ya nane ya kimo chake, na uwe karibu na ncha, si katikati ya urefu ambako boriti hubeba mzigo mkubwa.

Maji ya udhu

Hapa ndipo nyumba ya Muislamu inapotofautiana na nyumba ya jirani yake, na ndipo ushauri wa fundi asiyezijua desturi zetu unapopungua. Mwezi wa Disemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukusanyika ndani ya muda wa takriban saa nne. Familia ya watu sita hutawadha mfululizo katika bafu moja, miguu ikiinuliwa kwenye beseni na maji yakitiririka sakafuni. Ongeza kopo la kustanjia, na ongeza watoto wanaojifunza udhu kwa furaha. Bafu hilo mara nyingi liko ghorofani, na sakafu yake ni ya mbao.

Chipubodi ya kawaida ikinywa maji huvimba na kuporomoka kama mkate uliochovywa katika chai, na haivimbuki tena. Ile inayoitwa P5 imetengenezwa kustahimili hali ya unyevu, na fundi ataisifu kwa hilo. Lakini kustahimili unyevu si kustahimili maji yanayotuama kila siku. Kwa bafu la nyumba inayotawadha tunashauri plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, au ubao wa saruji, na juu yake utando usiopitisha maji unaopanda ukutani pande zote, kisha vigae. Vigae pia hupitisha joto vyema kuliko mbao, na sakafu hukauka upesi, ikapunguza utelezi kwa wazee.

Sebuleni nako tuwe na kiasi. Sisi ni watu wa mazulia, na pengine juu ya zulia huja jamvi, na juu ya jamvi mto wa kuegemea. Kila kimoja ni duveti ndogo. Kama sakafu inapashwa kwa nyaya za umeme badala ya maji, zulia zito na godoro lililolazwa chini mchana kutwa vyaweza kulifungia joto mahali pamoja hadi likaharibu mbao. Mswala mwepesi wa kutandika na kukunja hauna neno.

Subira kabla ya mbao

Haraka haraka haina baraka, na mbao ni shahidi wa hilo. Skridi ya saruji hukauka kwa takriban milimita moja kwa siku hadi unene wa milimita 50. Kwa hiyo ya milimita 50 huhitaji si chini ya siku 50, na moto usiwashwe ili kuiharakisha. Aliyelaza mbao juu ya skridi mbichi amezinywesha maji kutoka chini, na zitapinda. Mbao zenyewe ziletwe ndani ya nyumba na kuachwa zizoee hewa yake, na unyevu wake upimwe. Wengi wa mafundi hutaka kiasi cha asilimia 8 hadi 10. Mbao zilizotengenezwa kwa matabaka hutulia zaidi kuliko mbao nzima mahali penye joto. Kazi ikiisha, joto lipandishwe kwa nyuzi chache kila siku.

Maswali ya kumuuliza fundi

Tunawaomba wasomaji wawatumie maswali haya jamaa zao walioko huko, na wasione haya kuyauliza. Kuuliza si ujinga.

1. Jumla ya tog za tabaka la kati na mbao za juu ni ngapi, na zulia letu litaifikisha wapi?
2. Maji yatahitaji nyuzi ngapi ili chumba kipate nyuzi 21 siku ya baridi kali?
3. Je, boriti zimekaguliwa, na zinaweza kuubeba uzito huu?
4. Chini ya mabomba pamewekwa kizuia joto gani, na je, matofali yenye matundu yameachwa wazi?
5. Bafu tunalotawadhia limewekewa ubao gani na utando gani?
6. Je, kila bomba ni kipande kimoja bila kiungo chini ya sakafu, na limejaribiwa kwa shinikizo kabla ya kufunikwa?

Baada ya jaribio hilo, kabla ya mbao kulazwa, piga picha ya kila chumba, mabomba yakionekana wazi pamoja na kuta zake. Ziweke picha hizo pamoja na hati za nyumba. Siku atakapokuja fundi mwingine kutoboa, picha hizo zitakuwa ndiyo macho yake.

Aliyepanga nyumba hana mamlaka ya kuifumua sakafu, na mwenye fleti aweza kufungwa na masharti ya jengo. Hao watapata nafuu kwa kuziba nyufa na kutandika zulia nene, na safari hii unene wake ni faida.

Uamuzi wa tabaka la kati hufanywa mara moja, mara nyingi asubuhi moja fundi akiwa na haraka na mwenye nyumba yuko kazini. Kisha hufunikwa, na familia huishi nao kwa miaka 20 au 30. Basi na ufanyike kwa mashauriano, mume na mke wakikaa pamoja, na mzazi ambaye ndiye atakayeitumia sakafu hiyo alfajiri naye akaulizwa. Aliyejenga kwa shura hajuti peke yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba za ndugu zetu walio mbali, azijaze joto la mapenzi kabla ya joto la mabomba, na awahifadhi wazee wetu popote walipo. Amin.